Kuuza Gari la Baba

Baba yangu aliendesha gari la mwenye shamba mmoja wa mahindi, nje kidogo ya mji wa Kitale, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwenye shamba alipozeeka akauza ardhi na kwenda kuishi na watoto wake Nairobi, na gari lile akamwachia Baba. Lilikuwa gari refu la kijani, la zamani, lenye viti vya ngozi, dashibodi ya mbao na bampa zilizong'aa hata Mama alikuwa akijitazama pale na kuweka kitambaa chake sawa kabla ya kwenda kanisani. Kwetu Matisi hapakuwa na jingine kama hilo. Mtu akielekezwa "kwa wenye gari", alifika bila kuuliza tena.

Mama alikuwa ameshafariki wakati macho ya Baba yalipoanza kufifia. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na akamkataza kuendesha. Baba hakumwamini mpaka siku alipolikwaruza gari kwenye nguzo ya lango ambayo aliichimbia mwenyewe. Akazima injini, akaniita.

"Gari lisiloendeshwa linaoza," alisema. "Liuze. Nitengenezwe macho, kitakachobaki tutaona."

"Tuwangoje kaka zangu?"

"Kaka zako siku hizi wanajua habari za simu za mkononi tu. Wewe ndiye unayejua gari."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiuza vipuri katika duka moja mjini. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwa gari hilohilo. Sikusitasita. Jioni ile nilipaka rangi nyeupe kwenye kipande cha mbao, nikaandika kwamba gari linauzwa, na bei yake, nikakitundika langoni.

Wiki ya kwanza walikuja watu wa kukaa tu. Mtu aliingia, akashika usukani, akanusa ngozi ya viti, akasema atarudi na ndugu yake. Niliwaacha. Nilijua kwamba anayenunua kitu cha namna ile hutanguliwa na wengi wanaokitamani.

Halafu akaja broka, dalali wa magari, miwani ya jua ikiwa juu ya kichwa, na fundi wake nyuma. Walizunguka gari, wakaliwasha, wakafungua boneti. Broka akaomba kuona kitabu cha gari. Nikaingia nyumbani kukichukua, nikimwacha Baba kwenye kigoda karibu na mlango. Nilipotoka, injini ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye malaria.

"Sista, hii gari imekwisha," broka alisema. "Si unasikia? Silinda moja imekufa. Ukifungua hiyo injini utalia, bana. Mimi nitawasaidia tu. Nitawapa bei ya vyuma chakavu, na hata hapo ni huruma."

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza.

"Asubuhi lilikuwa zima," alisema polepole, kama mtu anayejitetea mbele ya chifu.

Sauti ile ndiyo iliyonikasirisha, kuliko maneno ya broka. Baba hakuwa mtu wa kujitetea kuhusu gari. Lakini hasira haitengenezi injini, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta miaka minne nikisikiliza mafundi wakieleza magonjwa ya magari. Nilijua kwamba silinda haifi ghafla hivyo, mtu akiingia tu nyumbani na kutoka.

"Zima," nilimwambia fundi.

Nikainama chini ya boneti. Waya wa plagi ya nne ulikuwa umekalia ncha tu, haukushika. Nikausukuma kwa kidole gumba mpaka ukalia "ta", bila kutaja kosa lilikuwa wapi.

"Washa sasa."

Injini ikanguruma kwa upole, sawasawa, kama ilivyokuwa asubuhi.

"Hiyo waya imechomoka yenyewe," fundi akasema haraka.

Baba akainua kichwa. "Nani amesema kuna waya imechomoka?"

Broka alishusha miwani yake machoni, akasema wana mtu wa kuona Kipsongo, wakaenda zao. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilichukua brashi, nikafuta bei iliyokuwa kwenye kibao, nikaandika ya juu zaidi.

Siku chache baadaye simu ya dukani kwetu ililia, nikaitiwa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Bungoma. Dereva wa lori alikuwa amemwambia habari za gari. "Mguu wangu unanisumbua, siwezi kuja Kitale," alisema. "Mnaweza kulileta nilione?"

Nikamwambia Jumamosi tutafika.

Jumamosi Baba alivaa koti lake la kazi la zamani. Kwa mazoea alienda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akashika kitasa, ndipo akakumbuka. Nikamfungulia mlango wa nyuma.

"Leo wewe ndiye bosi," nikamwambia.

"Huku sijawahi kukaa," alisema, akaingia taratibu akigusa kiti kwa kiganja.

Tulipita Kiminini. Kisha nikasikia sauti yake: "Kumbe huku hakutikisiki hata kidogo! Ndiyo maana yule mzee alikuwa akilala njia nzima. Mimi nilidhani ananidharau."

Nilicheka hadi nikapunguza mwendo. Baada ya hapo alirudia ualimu wake. "Badilisha gia." "Nimebadilisha, Baba." "Kuna lori mbele." "Nimeliona, Baba." Karibu na Kamukuywa mshale wa joto ulipanda, nikasimama, nikangoja injini ipoe, nikaongeza maji, tukaendelea.

Yule mfanyabiashara alikuwa na duka karibu na msikiti. Alitoka akiegemea mkongojo, kofia nyeupe kichwani, mkewe akimfuata. Alimpa Baba mkono kwa muda mrefu, wakajuliana hali kama wazee wanavyofanya, mvua na mahindi na watoto. Kisha akanigeukia.

"Binti yangu, niambie ubaya wake. Uzuri nauona mwenyewe."

Baba akakohoa. Nilielewa maana ya kikohozi kile, lakini mtu ameniuliza swali la heshima.

"Dirisha la nyuma kushoto halipandi mpaka ulisaidie kwa mkono," nikasema. "Likipanda mlima linapata joto, na leo tumesimama Kamukuywa kuliongeza maji. Huu mkwaruzo ni nguzo ya lango letu. Na petroli linaipenda sana."

"Sasa umebakisha nini?" Baba akauliza, na mfanyabiashara akacheka kwa sauti.

Mkewe hakungoja. Alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akaufunga, akaufungua tena.

"Pikapu yako naipanda miaka yote kama ninapanda mti," alimwambia mumewe. "Na huo mguu wako je? Huku nimeingia kama naingia sebuleni kwangu. Nunua."

"Ngoja basi nilijaribu kwanza, mama."

Tulienda naye kidogo kwenye barabara ya Malakisi, Baba akibaki dukani na chai. Mzee yule aliendesha kwa mikono miwili, bila haraka, na nikajua gari limepata mtu. Tuliporudi alitaja bei. Nikakataa kwa adabu, nikataja yangu. Akamgeukia Baba.

"Mzee mwenzangu, wewe wasemaje?"

"Muulize mwenye kuuza," Baba akajibu, akanywa chai yake.

Nimesifiwa mara kadhaa maishani, lakini sidhani kama niliwahi kusimama wima kuliko wakati ule. Tulikubaliana chini kidogo tu ya bei ya kibao. Baba alimweleza mwenye gari mpya jinsi ya kuliwasha siku za baridi na akamsihi asilipakie magunia. Kisha tukala wali kwao, na mfanyabiashara akaagiza pikapu yake iturudishe mpaka Kitale.

Njiani nilimwuliza Baba kama ameumia moyoni.

"Kidogo," alisema. "Lakini ningeumia zaidi kuliona limekalia matofali, kuku wakitaga ndani."

Alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, kisha la pili. Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa alikataa kuingia nyumbani. Alisimama langoni mchana ule wote, mikono nyuma, akinisomea kwa sauti namba ya kila gari lililopita, herufi kwa herufi, na wakati wa chakula ulipofika ilibidi nimpelekee sahani palepale.