Mpiga Kasia Asiulizwe Asili ya Kijiji

Mpiga kasia wa kivuko alikuwa na mikono miwili tu, na masimulizi yake yaliihitaji yote. Mama Zaina, aliyevuka naye kila asubuhi na kikapu cha chikwange, mikate ya muhogo, alimjua: ukimwuliza asili ya kijiji chao cha wavuvi, analaza kasia magotini, anafuta midomo, na mto unauchukua mtumbwi. Ndiyo maana wenyeji hawakumwuliza kitu mpaka wakanyage mchanga.

Siku hiyo mjumbe wa chama tawala, kilichoamuru kila mwananchi aitwe "citoyen", akauliza katikati ya maji: "Citoyen, nani alianzisha hii kijiji?"

Zaina akafumba macho. Kasia likalala magotini. Ng'ambo, wacheza ngoma waliopangwa kumpokea mjumbe wakaona mtumbwi unawapita, wakaufuata ukingoni, wakicheza vilevile.

"Piga kasia!" mjumbe akalia.

"Ngoja kwanza, citoyen. Babu yangu bado hajazaliwa."