Bidoni Nne za Elda

Shangazi yangu Vestine aliuza vitu vingi kabla ya kuuza akili. Aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Magara, akauza vitenge, katikati akafundisha darasa la pili kwa miaka minne. Mwaka jana akaanza kuuza Mshauri. Mshauri ni sauti ya mwanamke inayokaa ndani ya simu. Unaiuliza bei ya mawese ya leo, mvua ya kesho, ugonjwa wa mihogo, nayo inakujibu kwa Kirundi au Kiswahili bila kuchoka. Kampuni yenyewe iko Bujumbura. Shangazi alipoingia ilikuwa na watu tisa. Miezi kumi baadaye walikuwa sabini, na yeye ofisi yao aliijua kwa picha tu.

Majina ya watu humu nimeyabadilisha, na siku za zamu pia. Mtaona kwa nini.

Kila siku saa moja na nusu asubuhi, wakati mimi natafuta soksi za shule, shangazi alikuwa ameshavaa fulana ya zambarau na kuegemeza simu kwenye chupa ya chai. Mkutano wa video. Kila mmoja alitaja kwanza namba ya furaha yake, toka moja hadi kumi, halafu ushindi wake wa jana. Mwenye kumpata mteja mpya aligonga kengele ndogo waliyopewa na kampuni, na wengine wote wakapiga makofi. Mkubwa wa mauzo, kijana anayeitwa Silvano, alikataza kuitwa patron. Alisema wao ni familia, wamwite Silvano tu. Shangazi hakuweza. Mdomo ulimkatalia, akawa anasema "Silvano," anameza mate, kisha "patron" inamtoka chini chini.

Namba yake ya furaha ilikuwa tisa kila siku. Nilimuuliza kwa nini tisa. Akasema kumi wangemwona muongo, na nane wangempigia simu kuuliza ana shida gani.

Mwisho wa mkutano walisema wote pamoja maneno ya kampuni: tunakimbia, viatu tutafunga njiani. Bibi yangu alikimbilia Tanzania akiwa msichana, akarudi Rumonge ana mvi. Siku ya kwanza alipoyasikia maneno hayo aliacha kuchambua maharage.

"Miye nilishakimbia bila viatu," alisema. "Hakuna mwenye alinipigia kengele."

Kuuza kwenyewe kulikuwa na njia yake, na shangazi alinieleza kwa sababu nilikuwa namsumbua kwa maswali. Kwanza unamkamata mkubwa wa kikundi, maana akikubali yeye wengine watamfuata. Unawapa miezi mitatu bure ili wazoee, siku ya kulipa ikifika wasiweze kuachana nayo. Na kila mteja ahesabiwe kwa simu yake: simu moja, mteja mmoja. Huko Bujumbura kulikuwa na ubao wenye majina yote. Rachidi wa Nyanza-Lac alikuwa juu, kwa rangi ya kijani. Shangazi alikuwa chini, kwa nyekundu, na mkataba wake ulikuwa unaisha Juni.

Tatizo lilikuwa mashine ya mawese. Wanawake ishirini na sita wanakamua pale kwa zamu, kila mmoja ana siku yake, na wanaume hawafiki. Hakuna aliyewakataza, ni desturi tu: mwanaume anaonekana pale siku mashine imeharibika. Shangazi alipowapelekea Mshauri na kusema hiyo ni akili bandia, mama mmoja aliuliza kama zile za kwao zimeisha. Walicheka sana. Lakini waliipenda. Waliitundika simu moja kwenye msumari, ya mkubwa wa kikundi, wakawa wanaiuliza wote, mmoja anaongea na watano wanamsahihisha. Kila mwenye zamu alipomaliza kukamua aliitajia bidoni zake, yale madumu ya mawese aliyoyajaza, ili iwaambie wauze lini. Waliitajia hesabu ya kweli. Kwa nini wafiche? Walikuwa wenyewe kwa wenyewe.

Kwa macho yangu hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kwa macho ya ubao ilikuwa mteja mmoja.

Silvano akampigia. Akamwambia kwa upole kwamba familia inamsubiri, kwamba wanawake ishirini na sita ni wateja ishirini na sita. Basi shangazi akarudi kwenye mashine na daftari, akaomba kila mmoja namba. Wenye simu walikuwa saba. Wengine walitoa namba ya mume, ya mtoto, ya shemeji, kwa sababu shangazi alikuwa mtu wao na hakuna anayemnyima mtu wake namba. Aliwaandika wote, na bidoni za kila mmoja akazihamishia kwenye jina la mwenyewe na namba aliyoitoa. Kesho yake aligonga kengele mpaka jirani akachungulia kuona kama tumefungua kanisa.

Jumamosi moja Silvano alitangaza kwamba Mshauri hatasubiri tena kuulizwa. Kuanzia Jumatatu atawapigia wateja yeye mwenyewe, wachache kila wiki. Shangazi aliinua mkono kwenye video, lakini Rachidi alikuwa anagonga kengele na mkutano ukaisha.

Jumatatu Mshauri alipiga namba aliyoitoa Elda, mmoja wa wanawake wa mashine. Simu ni ya mumewe, Melkiades, fundi wa kujenga. Simu yake imeharibika, haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Watu wote waliokuwa pale walisikia. Mshauri alimsalimia Elda kwa jina. Akampongeza kwa bidoni nne za wiki iliyopita, akasema bei imepanda, je, anataka kuuza?

Melkiades alikuwa anajua bidoni mbili.

Mbili nyingine Elda alikuwa anazituma Bugarama kwa mama yake, ambaye nyumba yake inavuja. Melkiades alishakataa kuezeka nyumba ya mkwe mara mbili. Hakumpiga mkewe, hata hakupaza sauti. Alisema tu kwamba Jumamosi, siku ya zamu ya Elda, atakwenda mwenyewe kwenye mashine kuangalia. Na wale wa kwa kinyozi walisema kama Melkiades anaenda, hata wao watakwenda siku za wake zao.

Jioni hiyo mkubwa wa kikundi alikuja kwetu. Hakukaa. Alisema Elda hataki kumuona shangazi, na kwamba kama wanaume wakizoea mlango ule, hakuna mwanamke atakayebaki na kitu chake. Alisema pia murakoze, yaani asante, kwa sauti ambayo sijawahi kulisikia neno hilo likisemwa nayo.

Shangazi alimpigia Silvano, akaomba namba zote zifutwe. Silvano alisema ameelewa kabisa, lakini wiki hiyo kuna wageni wanaotaka kuweka pesa kwenye kampuni na hesabu haiwezi kushuka, wangojee mwezi ujao. Ila mteja mwenyewe, akitaka kujitoa kwa simu yake, hakuna wa kumzuia.

Ndipo tukaanza kuzunguka. Ujumbe wa kujitoa ulikuwa wa Kifaransa, na shangazi hakuwa na miwani, kwa hiyo nilikwenda naye kila nilipotoka shule. Huwezi kuingia kwa mtu na kumwambia nipe simu. Unasalimia, amahoro, unauliza watoto, unakaa, unapewa maji, unaongea juu ya mvua, kisha unaomba simu ya mume huku mume anakutazama. Siku tatu. Miguu yake ilivimba, akawa anavaa kandambili za bibi. Tulipofuta ya kumi na mbili jina lake lilifika mwisho kabisa wa ubao. Kwenye mkutano wa asubuhi alisema tisa.

Alhamisi ilibaki namba ya Melkiades peke yake.

Alitupokea vizuri. Alitupa viti, akauliza hali ya bibi, akamtuma Elda alete Fanta. Elda alikuwa amesimama mlangoni, ametugeuzia mgongo, akaondoka bila kusalimu. Shangazi akaomba simu.

"Nijitoe kwa nini?" Melkiades alisema. "Hii simu iko inamujua muke wangu kuliko miye. Niko naye miaka kumi na nane, sijui kitu. Huyu dada wa ndani ya simu, wiki moja tu, amejua bidoni zote."

Shangazi alisema si vizuri mashine kuingia mambo ya nyumba ya watu. Melkiades alisema ni shangazi mwenyewe aliyeiingiza. Hilo lilikuwa kweli. Elda alirudi na chupa, akasimama.

"Jumamosi nitaenda pale," Melkiades alisema. "Nihesabu kwa macho yangu."

Shangazi alivua kandambili moja, akakanyaga udongo wa baridi. Nilidhani miguu inamuuma, kumbe alikuwa anajiandaa kusema.

"Usijichoshe, Baba Anita," alisema. "Hautaona nne. Iko mbili."

"Simu ilisema nne."

"Nne niliandika miye. Kule kazini wanatupanga kwa hesabu. Mwenye iko na hesabu ndogo wanamufukuza. Niliongeza kwa Elda, niliongeza kwa wote."

Nilimtazama. Mimi nilikuwepo kwenye mashine siku ile Elda alipokamua, niliziona zile nne zimepangwa ukutani. Elda alikuwa anatazama kifuniko cha chupa.

Melkiades alianza kucheka polepole, kama mtu aliyepata kitu kizuri cha kwenda kusimulia.

"Mwalimu muzima," alisema. "Vestine, mwalimu muzima. Ulimufundisha mutoto wangu kuhesabu."

"Ndiyo."

"Kumbe ndiyo maana amekuwa vile."

Alinirushia simu, nikaifuta namba. Elda alifungua Fanta mbele ya shangazi, akapangusa mdomo wa chupa kwa kitenge chake, akamkabidhi kwa mikono miwili. Melkiades alikuwa ameshatoka kwenda kwa kinyozi.

Ijumaa mchana soko zima lilikuwa linajua kwamba Vestine aliandika mawese yasiyokuwepo. Muuza nyanya alimuuliza kama kilo anazoomba ni za kweli au za ubaoni. Na Melkiades hakutosheka. Aliipigia kampuni, akalalamika kwamba wakala wao ni muongo.

Nilipofika kutoka shule Silvano alikuwa kwenye simu. Hakuwa na hasira, alikuwa na haraka. Alisema yeye anajua shangazi hakudanganya, kompyuta inaonyesha hesabu zilisemwa na wanawake wenyewe, sauti zao zimehifadhiwa.

"Niambie tu kama yule mzee amekosea," alisema. "Kesho asubuhi tunamupigia, tunamuhakikishia kama bidoni zilikuwa nne, tunamuomba arudi. Jina lako linasafishwa, na letu. Hata mkataba nautetea miye mwenyewe."

Shangazi aliuliza kama inawezekana kutompigia.

"Mteja akilalamika lazima ajibiwe. Hiyo ndiyo kampuni yetu, Vestine, unajua."

"Na kama nilidanganya?"

Silvano akasema kama alidanganya, basi aandike, na hapo hakuna cha kumjibu mteja isipokuwa samahani. Lakini hawezi kubaki. Na wakala wa namna hiyo hesabu zake zinafutwa zote, sauti na kila kitu. Aliongeza, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba anamwomba afikirie.

"Nilishafikiria, patron," shangazi alisema. Safari hii hakumeza mate.

Aliniambia nichukue kalamu, halafu akasema hapana, kwenye simu. Nikaandika kwa Kifaransa alivyoniambia: kwamba yeye Vestine aliongeza hesabu za wateja ishirini na sita, kwa hiari yake, na hakuna mteja mwenye kosa. Nilimuuliza kama niandike pia kwamba anasikitika. Alifikiri kidogo, akasema waandike wao.

Tulituma. Haikufika robo saa, ukaja ujumbe kwamba ameondolewa kwenye kundi la Familia.

Jumamosi nilikwenda kwenye mashine. Elda alikuwa anakamua na wenzake wanne, wamelowa jasho, na mlangoni hapakuwa na mwanaume. Simu nayo haikuwepo kwenye msumari. Aliponiona alifuta mikono, akaniuliza shangazi yuko wapi. Nikamwambia amelala tangu asubuhi, hata chai hajanywa.

"Musimuamshe," Elda alisema, akarudi kushika mpini.

Kabla jua halijageuka zilikuwa zimejaa nne. Alizipanga mbili mlangoni na mbili nyuma ya magunia, akanipa maji ninywe.