Siku Mbio Zangu Zilipovunja Soko la Mbuzi Nizwa

Wako watu Nizwa, hapa Omani, mpaka leo hawanijui kwa jina nililopewa na baba yangu. Wananiita Bu Wadi, yaani Baba Bonde, na muuza mikate hunitazama miguu kwanza kabla hajanitazama uso. Nawahadithia nyinyi kwa sababu najua mmeshasikia kwa wengine, na kila anayehadithia anatia chumvi yake, mmoja kaniongezea hata bendera mkononi. Sikuwa na bendera. Lilikuwa taulo. Aibu yangu naijua ilivyo kubwa, sihitaji msaidizi wa kuikuza, na nikisema nina hasira mjue nina hasira kweli, miaka yote hii.

Mambo yalianza kwa sukari. Daktari, Mhindi mmoja mpole wa maneno, alinipima, akalitazama tumbo langu, akaniambia, "Bwana Suleiman, ukimbie kila asubuhi nusu saa. Si leo ukimbie kesho ulale. Ama sivyo tutaanza sindano." Sasa mimi sukari naijua. Ilimpofua marehemu baba tukiwa bado Unguja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkata kucha, maana alikuwa hazioni tena, na kila nikimkata alikuwa akiniuliza kama bado mchana. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na binti wa miaka minne, Salma. Kwa hiyo sikutaka kukimbia kwa maringo, nilitaka macho yangu.

Lakini mwili wangu naujua mwenyewe, ni mwili wa kukaa afisini na kupiga mihuri. Nilishaanza kukimbia mara tatu na mara tatu nikaacha, ya kwanza kwa joto, ya pili kwa Ramadhani (zilikuwa zimebaki wiki tatu kuingia, lakini nilisema nianze kujitayarisha), ya tatu hata sababu siikumbuki. Safari hii nikamuahidi mke wangu Zuwena kwamba nitakimbia kila siku ya Mungu na kila siku nitatia alama kwenye kalenda ya jikoni, na siku itakayopita bila alama ajue nimeshaacha, asinisikilize visingizio.

Nikaanza kwenye barabara ya lami ya kwendea Tanuf. Jamani! Watu wa Nizwa ni wakarimu mpaka wanatia hasira. Kwao mtu anayekwenda kwa miguu ni mtu aliyeharibikiwa na gari, na anayekimbia amefikwa na msiba, kwa hiyo kila pikapu ilisimama. "Irkab, panda, panda! Kuna nini? Nani kafa?" Hakuna aliyekufa, nafanya mazoezi. "Mazoezi utafanya kwako, panda!" Ukikataa umemvunjia mtu heshima, na ukipanda hakupeleki kwako, anakupeleka kwake, unawekewa tende na halwa na kahawa, na huinuki mpaka ule. Nilitia alama siku kumi na moja mfululizo, na nikisema kweli, siku nane katika hizo nilikimbia dakika tano na kula halwa nusu saa. Nikarudi kwa daktari nimezidi kilo mbili. Akaniuliza, kwa upole wake ule ule, kama kweli nakimbia. Nilitamani kuurusha mzani wake dirishani.

Hapo ndipo nilipokata shauri langu dogo, dogo kabisa. Nikasema kesho nakimbia ndani ya wadi, lile bonde la mawe linalopita pembeni mwa soko, kavu karibu mwaka mzima, maana humo hakuna wa kunisimamishia gari. Nitaanzia huko juu kwenye mitende niteremke mpaka mjini.

Kesho yenyewe ilikuwa Ijumaa. Zuwena alichungulia dirishani akasema, "Baba Salma, jabali limefunga wingu. Na leo soko la mbuzi. Pumzika bwana." Nikamjibu kwa ukali, "Nikipumzika leo nimeacha. Si tulisema usinisikilize visingizio? Basi na wewe usinipe." Nikatoka nimevaa suruali ya michezo, fulana nyeupe na viatu vya raba, taulo shingoni, najiona mwanamume wa kweli.

Sasa kwa asiyewahi kuishi bara ya Omani nimueleze. Maji ya wadi hayaji kidogo kidogo. Mvua hunyesha huko milimani na mjini jua linawaka, kisha ghafla maji yanateremka na mawe na miti na kila kilicho mbele yake. Kwa hiyo aliyeko juu akiyaona hukimbia chini kuwaonya watu, kwa kelele, kwa kitambaa, kwa bunduki, kwa chochote alicho nacho, na walioko chini wakimuona hawaulizi mara mbili. Hili kila mtoto wa Nizwa analijua. Na mimi nilikuwa nalijua, nilikuwa nimeshakaa miaka sita, sina pa kujificha. Asubuhi ile lilinitoka kichwani, kichwa kilikuwa kimejaa zile kilo mbili.

Nilikimbia vizuri, wallahi, sijapata kukimbia vile. Mawe yananiteleza, jasho linaniingia machoni, lakini hakuna pikapu, hakuna panda panda. Nikakata kona, soko lile pale mbele yangu, na kama kila Ijumaa watu walikuwa wameegesha magari ndani ya wadi, mbuzi wamefungwa kwenye bampa, wengine wamekaa chini wanakunywa kahawa. Mtu mmoja akainuka akanioneshea kidole. Wa pili akanyanyua bakora juu. Kisha wakainuka wote, wanapiga kelele, mikono hewani.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani wananishangilia.

Msicheke. Siku kumi na mbili nakimbia peke yangu, nyumbani naonewa huruma, afisini nachekwa, barabarani nazolewa kama mzigo, nilikuwa na kiu ya mtu mmoja tu aniambie endelea. Nikasema hatimaye! Nikalivua taulo shingoni, nikalipunga juu ya kichwa, nikaongeza mbio. Walivyozidi kupiga kelele ndivyo nilivyozidi. Mtu akapiga bunduki hewani, nikasema mashaallah, hata risasi!

Nilianza kushuku nilipoona wanaonishangilia wananikimbia. Pikapu zinarudi nyuma zinagongana, kamba za mbuzi zinakatwa kwa majambia, watu wazima wameshika kanzu magotini wanapanda ukingo, na mzee mmoja, nitamtaja punde, amembeba mama yake mgongoni, bibi kizee aliyekuja na mwanawe kuuza beberu, anapanda naye huku anayumba. Nikafika katikati ya soko nikasimama. Tulibaki mimi, mabuli ya kahawa yaliyopinduka na mbuzi mmoja. Soko zima liko juu ukingoni, na hakuna anayenitazama mimi. Wanatazama nyuma yangu, huko nilikotoka.

Nikageuka na mimi nikatazama. Mawe makavu. Ndipo nilipofahamu nimefanya nini. Tukangoja, wao juu mimi chini, na astaghfirullah, niliomba. Niliomba kimoyomoyo wadi ije.

Haikuja. Hata tone.

Wakanichukua mpaka kwenye sabla, baraza la watu wa mtaa ule, nikakalishwa kwenye mkeka na fulana yangu inachuruzika jasho. Mwenye baraza, Sheikh Nasser, akaniuliza taratibu, "Nani alikuwa anakufukuza?" Hakuna. "Ulikuwa unamfukuza nani?" Hakuna. "Ulikuwa unakwenda wapi?" Nyumbani. "Na ulitoka wapi?" Nyumbani. Watu wakatazamana. Mmoja nyuma akasema, "Mwacheni, huyo Zinjibari," na wengine wakatikisa vichwa kama jambo limeshaelezeka. Hapo damu ilinichemka! Babu yangu kazaliwa Izki, mji wa jirani tu, kahawa yao nimekunywa miaka sita, kwenye misiba yao nimebeba jeneza, na asubuhi moja ya kijinga inatosha kunirudisha Unguja.

Ningemjibu, ulimi ulikuwa tayari, lakini yule mzee aliyembeba mama yake akaingia. Jina lake Mzee Hamed. Akapewa kikombe cha kahawa, akakipokea, akakiweka chini mbele yake. Baraza zima likamgeukia, maana kwao mwenye haja akiweka kikombe chini hanywi mpaka akidhiwe haja yake, na asipokidhiwa ni aibu ya waliokaa wote.

"Wadi ilimchukua ndugu yangu," akasema, hakupaza sauti. "Mtu kama huyu alikuja anakimbia, tukasema anacheza. Leo nimembeba mama yangu kwa mtu anayecheza kweli. Kesho akija mwingine, nani atainuka?" Akanitazama. "Nataka aseme hapa hatakimbia tena Nizwa."

Kikombe kiko chini kinapoa, macho yote kwangu. Ningeweza kusema nina sukari. Ningeweza kumuomba anikataze wadi tu. Sikusema hata moja. Nikasema, "Sitakimbia tena Nizwa." Mzee Hamed akainua kikombe, akanywa.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe, maana ile ya mbuzi ilikuwa bahati mbaya. Nilipoitoa ile ahadi nilifurahi. Chini ya hasira yote ile kifua changu kilipoa, nikasema moyoni kesho nalala, nimepata mtu wa kunikataza, tena mwenye haki, tena mbele ya mashahidi. Hakuna kisingizio nilichopata kupewa kizuri kama kile.

Nikamhadithia Zuwena na uso wa huzuni niliouchonga njiani. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Wenye mbuzi wameshapata ahadi yao," akasema. "Na mimi yangu iko wapi, Suleiman?" (Akiniita jina, mjue kumechafuka.) Nikamwambia nimekatazwa, nifanye nini. "Umekatazwa Nizwa. Gari unayo." Nikamwambia watu wamenidhalilisha. "Wamekudhalilisha, ndiyo. Na ukipofuka nani atakuongoza, wao?" Akaingia jikoni akaibandika chai kwa kishindo.

Kesho yake baada ya Alfajiri nikaendesha gari mpaka Izki, karibu nusu saa, nikaegesha nyuma ya ukuta wa skuli moja kwenye uwanja mtupu asikonijua mtu, nikazunguka. Na kesho kutwa. Mpaka leo naendesha nusu saa ili nikimbie nusu saa, na petroli naitia kwa kulaani. Ndani ya wadi sikanyagi tena, hilo nimeapa na ni jepesi. Zito ni la pili nililoapa, kwamba mtu akinikataza jambo ambalo mimi mwenyewe nalikimbia, sitamshukuru tena moyoni.

Daktari aliniuliza nimeipata wapi hamu. Nikamwambia hamu sijawahi kuiona, kila asubuhi naamka sitaki. Nina hasira tu. Mzunguko wa kwanza namtukana aliyeniita Zinjibari, wa pili watu wa halwa, wa tatu Mzee Hamed (kisha namuomba msamaha, maana alikuwa na haki), na wa mwisho najitukana mwenyewe kwa ile furaha ya kwenye sabla. Huo wa mwisho ndio ninaoukimbia kwa kasi.