Baiskeli Yenye Muzigo Jukwaani

Mie sikusoma sana. Niliacha darasa la tatu, nikashika baiskeli ya kubeba muzigo, na ndiyo iliyonijengea nyumba yangu ya bati hapa Kasongo. Kwa hiyo kundi la teatre la mutaa wetu liliponiweka kuwa kiongozi, sikuomba mutu ruhusa ya kuwa na mawazo yangu.

Mukwe wangu, mume wa binti yangu, mwalimu kule Kabambare, ndiye aliyetuletea muchezo. Aliusoma kwa Kifaransa, akatusimulia kwa Kiswahili: mutu mumoja amesimama penye njia panda. Hakuna sauti toka mbinguni, hakuna mukubwa wa kumuamuru, na hata akikataa kuchagua, amekwisha kuchagua. Wachezaji waliguna. Mie nilielewa palepale. Nikasema: huyo mutu tumupe baiskeli yenye bidoni, yale madumu ya mafuta. Baiskeli yenye muzigo ukiiachia inaanguka; ukisimama kufikiri, unafikiri huku mikono inatetemeka. Njia moja iende machimbo ya Lusangi, nyingine irudi shambani kwa mama yake. Pazia lililochorwa pori nililikataa. Bidoni tupu nilizikataa pia. Nilizijaza maji mie mwenyewe.

Mukwe ndiye angeishika hiyo baiskeli. Maji hakuyabishania. Alibishania mwisho. Kwetu kila teatre inamalizika kwa mutu wa kutoa funzo: anaingia padri, au shehe, au chifu, anasema hili baya, hili zuri, watu wanapiga makofi, wanaenda kula. Mie nilitaka asiingie mutu. Na mara ya kwanza tungecheza Kabambare, mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Alisema watamuona mwalimu asiye na Mungu, na nani tena atamuletea mutoto?

"Baba, utarudi Kasongo," aliniambia. "Mie nitabaki nao."

Nikamujibu kwamba padri akiingia, mie natoka. Alinuna, kisha akakubali.

Muchana wa kucheza, sali, ule ukumbi wa Kabambare, ilijaa. Mukwe akaingia na baiskeli, jasho la kweli linamutoka, akauliza aende wapi. Watu wakamushauri bila kuombwa mara mbili.

"Rudi kwa mama!"

"Machimboni, bwana! Mama hatakimbia!"

Walicheka, kisha wakageukia mulango wakimungoja mutu wa funzo. Hakuja. Gurudumu likaanza kuteleza, na niliona mukono wa mukwe umechoka kweli. Sikusogea.

Ndipo baba mumoja, muzazi wa pale shuleni, akainuka kwenye benchi. Njiani kwetu hakuna anayepita baiskeli inayotaka kuanguka. Unashika kwanza, salamu baadaye. Akapanda jukwaani, akaweka bega nyuma ya bidoni. Nilitaka kumufukuza. Mutu wangu alipaswa kuwa peke yake!

Mukwe akamuuliza, "Baba, twende wapi?"

"Mie niko nyuma tu, mwalimu," akasema yule baba. "Njia iko mbele yako."

Mukwe hakunitazama. Akageuza usukani upande wa Lusangi, wakatoka mulangoni wakisukuma, na watu wakawafuata hadi uwanjani wakibishana.

Jumatatu watoto walifika shuleni wote. Mukwe alinipigia simu kuniambia, akicheka. Nami muchezo nimeuacha hivyo. Tumeucheza tena Kasongo, tukaucheza Lusangi yenyewe, na mutu wa kusukuma nyuma simupangi. Hajakosekana bado.