Sauti za Baba Zilizokuwa Kwenye Folda ya Kazi

Nina duka dogo la kuchapa na kurekodi sauti Kanyenye, hapa Tabora mjini. Kompyuta yangu ni ya zamani, inatumia mfumo wa Linux, na aliyeniwekea ni shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ni fundi. Diski ya kompyuta hiyo ilikuwa nzito. Kusafisha sauti moja kulichukua asubuhi nzima, basi akanitengenezea folda moja ya kazi.

"Humu utakwenda haraka," aliniambia. "Ila ukimaliza tu, hamishia kwenye diski."

Nikasema sawa. Sikuuliza sababu.

Nilikwenda Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, mara tatu kumrekodi baba. Aliingia nchi hii kwa miguu kutoka Burundi akiwa na miaka kumi, mwaka sabini na mbili, na hakuwahi kutusimulia. Mara mbili za kwanza aliongelea tumbaku. Mara ya tatu, akiwa anapukuchua mahindi, alianza mwenyewe kusimulia safari ile, kwa Kirundi, akaongea hadi jua likageuka. Simu yangu ilikuwa imejaa. Niliporudi mjini nilizihamishia sauti zote kwenye ile folda na kuzifuta kwenye simu.

Nilizisafisha polepole, majuma kadhaa. Kompyuta sikuizima. Ilikuwa na betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na kila asubuhi nilikuwa naziona faili pale pale na majina yake.

Kisha baba akafariki. Nilikaa msibani siku sita. Siku ya tano umeme ulikatika Kanyenye tangu asubuhi, betri ikaisha. Niliporudi nikawasha kompyuta. Folda ilikuwepo. Ndani hamkuwa na kitu. Nikafagia duka, nikafuta kaunta, ndipo nikampigia shemeji.

Alikuja mchana ule ule.

"Umefungua kitu chochote?"

"Hapana."

Akavuta kiti. "Ile folda haikuwa kwenye diski, shemeji. Inaonekana kama folda nyingine, lakini faili zake zinakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile RAM. Ndiyo maana ilikuwa na kasi. Umeme ukikatika, zinapotea."

"Si uliwahi kuniambia kumbukumbu ikijaa inahamia kwenye diski?"

"Hiyo ni swapu. Ni kitu kingine. Swapu si folda, huwezi kuweka faili humo. Ni kipande cha diski ambacho Linux inasukumia vitu vilivyokaa bila kuguswa, ili kumbukumbu ipate nafasi. Hata vipande vya folda yako vingeweza kusukumwa huko."

"Basi vipo."

"Huenda vipo. Lakini orodha ya kipande kipi ni cha faili gani ilikuwa kwenye kumbukumbu, nayo imekwenda. Kompyuta ikiwaka inaanza upya, swapu inaihesabu tupu. Kilichobaki ni mabaki, na vitu vipya vinaandikwa juu yake."

Nilimwomba ajaribu. Aliiwasha kompyuta kwa flashi yake ili isiiguse swapu, akainakili yote, akaanza kutafuta kitu chenye sura ya sauti. Ilichukua siku mbili. Vipande vingi vilikuwa vifupi hata neno halitoshi humo. Mahali pamoja palikuwa na vipande vilivyokaa mfululizo, kama sekunde tisa hivi. Akanipa spika za masikioni.

Baba alikuwa anakohoa. Halafu anasema kwamba viatu alibeba yeye, kwa sababu mama yake alikuwa amembeba mdogo wake. Hapo inakatika.

"Ni yeye?" shemeji aliuliza.

"Ni yeye."

Alinitazama, nadhani akisubiri nilie. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba sijala tangu asubuhi. Alisema ilimpasa kunieleza vizuri tangu mwanzo. Nikamwambia alinieleza ya kutosha. Nikahifadhi sekunde zile kwenye diski, na kwenye flashi mbili.

Mwezi uliofuata nilikwenda tena Ulyankulu, kwa shangazi, yule mdogo aliyebebwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nilimsikilizisha zile sekunde tisa kwenye simu. Akaomba nirudie, kisha akarudisha simu.

"Viatu sivijui," alisema. "Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Baba yako alinisimulia habari ya kuvuka mto tu."

Nikamwomba anisimulie ya mto. Nikaandika kwa mkono, kurasa mbili, huku akichambua maharage.