Mlango wa Nabii Ilyasi

Asubuhi ile nilikuwa nachoma mikate ya Pasaka kwenye kikaango, unga na maji tu, haraka kabla haijaumuka. Mimi na mume wangu Isaka, fundi wa gereji hapa Wadi Kabir, mtaa wa Maskati, Oman, ni Wayahudi wa Uganda. Vita vilikuwa vya wengine. Droni zilipita juu ya Maskati kwenda kuua mbali, tukazizoea kama watu wanavyomzoea jirani mlevi.

Jioni wakaja wageni wawili. Hadija, Mwislamu wa kwetu, mtumishi wa nyumbani mtaa wa Al Ansab, alikuja kuniaga. Madam wake, mwajiri aliyekuwa ameishikilia pasipoti yake, alikuwa amemrudishia baada ya kumzungusha sana, na wiki ile angesafiri kurudi Uganda kwa binti yake. Wa pili ni Bi Zuwena, mwenye nyumba wetu, Mwomani mzaliwa wa Unguja. Alileta mkate wa kumimina.

"Bi Zuwena, huu una hamira. Pasaka chenye hamira hakiingii ndani."

"Makubwa haya! Miye nnakaribishwa, mkate wangu unafukuzwa!"

Tukauweka nje mlangoni, chini ya kawa.

Isaka akasimulia mateso ya Waisraeli Misri. Hadija akamkatiza, "Hao walikuwa na Farao tu. Hawajaonja madam."

Tulicheka mpaka machozi.

Kawaida yetu, mdogo kuliko wote humfungulia mlango Nabii Eliya, mgeni tunayemngoja kila usiku wa Pasaka.

"Ilyasi? Hata sisi tunaye," akasema Hadija. "Wacha nimfungulie mimi."

Akafungua. Paka alikuwa akiparura kawa.

"Shuu! Yalla, toka!" Akatoka kumfukuza.

Kitu kikapasuka angani. Droni ilikuwa imetunguliwa.

Kipande kikaangukia uani.

Hadija hakupiga kelele. Niliyepiga ni mimi.

Bi Zuwena alivua mtandio wake akamfunika. Mkate ulikuwa mzima, na kawa mahali pake.

Redio ikasema hakukuwa na madhara makubwa. Nawachukia waliosema vile hadi leo. Binti wa Hadija alikwenda uwanja wa ndege amevaa gauni jipya, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kinachoshuka ni jeneza.

Miaka imepita. Pasaka hii Isaka aliniuliza nani atafungua mlango. Nikamwambia auache umefungwa. Nabii akitaka kuingia, apige hodi kama watu wengine.