Mkeka wa Narubtum na Shamba Lililolala Upande

Narubtum, msuka mikeka wa mji wa kale wa Larsa, alikuwa na mdomo uliofanya hata punda wampishe njia. Asubuhi ile aliuhitaji wote. Baba yao alikuwa amekufa na kuacha mashamba mawili. Kaka yake, Ubarrum, akajichukulia lile la mraba kando ya mfereji, yeye akaachiwa lililolala upande kama mlevi. Wazee wa lango, waamuzi wa mji, walikuwa wanasubiri agandamize pindo la nguo yake kwenye kibao cha udongo mbichi, ndiyo sahihi yake. Akishagandamiza, basi, hana tena pa kulalamikia.

Mpimaji Iddinyatum, kipara kinang'aa mafuta, alikuwa ameshavuta kamba yake.

"Mashamba yote mawili, kila upande fimbo kumi za kupimia. Kumi mara kumi. Yako sawa."

"Sawa wapi, bwana? La kwangu limebonyea!"

"Mama, kanuni ni pande. Nimesoma miaka kumi na miwili mimi."

"Pole. Na bakora zote zile zimekwenda bure?"

Wazee wakaangua kicheko. Narubtum akatandika mkeka aliousuka kwa umbo la shamba lake, kiganja kimoja kwa kila fimbo. Akaikata pembe iliyochomoza kushoto, akaihamishia kulia. Ikakaa barabara, mkeka ukawa mstatili.

"Haya, pima."

Mpimaji akapima. Kumi kwa sita. Akarudia, jasho likimtoka.

"Sitini," akanong'ona. "Lakini mkeka si shamba!"

"Sawa, baba, umeshinda. Yako sawa." Akamgeukia kaka yake. "Basi tubadilishane. Nipe la mraba, chukua langu."

"Thubutu!" Ubarrum akaruka. "Kile kipande? Mbegu zinazotosha langu, pale huwa zinabaki..."

Akafunga mdomo, lakini wapi! Wazee walishasikia.

Wakaamuru, naye Iddinyatum akafuta kibao kwa kidole gumba, akaandika upya: mia na sitini, nusu kwa nusu, themanini kwa kila mmoja, na ishirini za kumjazia Narubtum zimegwe kutoka kwenye mraba, pale pale mferejini. Narubtum akagandamiza pindo lake kwa nguvu mpaka udongo ukafutuka pembeni.

"Mkeka huo niachie," mpimaji akamwambia kwa sauti ya chini, "nikawaonyeshe wanafunzi."

"Chukua. Ila uwaambie ni nani aliyeukata."

"Nitawaambia."

Hakuwaambia, mnafiki yule. Lakini kila mavuno Narubtum alikaa kwenye kipande chake cha mferejini, akitafuna kitunguu na samaki mkavu, akimpungia mkono kaka yake.